Wimbo Umepanda, Lakini Miye Sikukufa

Yaya, dada mukubwa yangu, kama ulisha kuketi chini kwa kilio yangu, simama. Panguza macho. Ni miye mwenyewe, mudogo yako, nasema hapa Bigo. Mama wa jirani anaandika, maana kalamu siijue. Mugongo yako iko namna gani? Na kule Bule mvua ilifikia maharagi?

Ile wimbo ya redio ni ya mujukuu yetu, ule iko Ulaya. Sauti ya ndani ni yangu, ile haiko uongo. Alikamata sauti yangu ku simu mbele ya kuenda, niko natwanga majani ya sombe, naimba wimbo mama yetu alikuwa anatubembelezea. Hata muchi yangu inasikika, tu, tu, tu, njo wanachezea! Sasa wimbo imetoka, inapanda ku Ufaransa, ku Ubelgiji, numero trwa, ni kusema ya tatu kwa wimbo zote. Ningefurahi. Lakini mutoto ule aliambia wazungu nini? «Ni sauti ya koko yangu, nyanya yangu, alikufa mu vita.» Akaweka picha yangu na mishumaa kando! Ile ya arusi ya binti yako, nimevaa kikwembe ya kijani, ile ulisema inanizeesha.

Nikaenda soko. Muuza makayabu akaachilia samaki chini.

«Koko, si ulikufa?»

«Nilikufa. Nipimie samaki.»

Nikamuita mujukuu ku simu.

«Koko, usikasirike. Wimbo ilikuwa nyuma kabisa. Niliposema vile, njo ikapanda. Nikisema uko muzima, itashuka.»

«Ishuke! Miye nishuke mu kaburi ili weye upande?»

Akakata.

Yaya, bwana yangu alikufa ya kweli mu vita kule kwetu, tukamuzika mbiombio, tukakimbia. Hakuna redio hata moja ilitaja jina yake. Miye niko nakula ugali, njo watu ya Ulaya wananililia!

Weye, mujukuu anakuogopa. Akikuita, mwambie aseme ku redio ileile: koko iko muzima. Na mbuzi ya kilio, kama mulifunga, mufungue.

Salimia bwana yako, na semeki, shemeji yetu ule fundi wa viatu, na binti yako, umwambie kikwembe ningali nayo...

Ngoja. Kuko watu wanalia inje. Ni wamama wa kanisa, walikuya na unga na sukari ya matanga. Wanaita jina yangu, wanaita, wanalia. Mama, acha kuandika. Wacha nitoke niitike.