Msingi Niliouchimba Nyalenda

S.L.P. 318,
Kisumu.
17 Mei 1964.

Mpendwa Shemeji Gordon Obiero,

Kabla ya yote nauliza hali yako huko Tabora, na hali ya Mama Walter na watoto. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepoa? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Dada yako Anyango hajambo, na mtoto ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mama yako Dorca yuko hai na ana nguvu. Hilo naliweka mbele ili usome mengine ukiwa umetulia, maana barua hii si nyepesi.

Najua unangoja habari za ukuta. Uliniandikia kwamba ukistaafu Reli mwezi wa kumi na mbili ungependa ukute vyumba sita vya kupangisha vimesimama pale Nyalenda, kwenye kiwanja anachokuuzia Ogola. Shemeji, ukuta hakuna. Kuna mtaro uliojaa maji.

Sitaki kumlaumu mtu mwingine. Wewe ulikuwa unasita kati ya Nyalenda, huku chini karibu na ziwa, na Mamboleo, kule mlimani, ukaniuliza mimi kwa kuwa ni mwashi na niko hapa. Nilikwenda Mamboleo mara moja tu, mwezi wa kwanza, kwenye jua kali. Niliona mawe, vumbi na njia panda yenye maduka mawili, nikajiambia ni nani atakayepanga huku, mbali na bandari na kazi. Basi nikakuandikia Nyalenda. Nilisema wapangaji watagombania milango kabla rangi haijakauka. Anyango alinionya siku ile ile. Alisema yeye amezaliwa Usenge, ufukweni, na huu ni mwaka wa tatu ziwa linapanda bila kurudi. Nilimwambia aniachie kazi yangu. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Tulianza kuchimba baada ya Pasaka. Udongo ni ule mweusi unaong'ang'ania jembe. Siku ya tatu mtaro ukaanza kutoa jasho pembeni. Nikasema ni mvua. Tulichota kwa debe mpaka chini, asubuhi tukaukuta umejaa tena. Hata hivyo niliendelea kuagiza mawe. Nilikuwa naona, Shemeji, lakini nilikuwa nimeshakupa neno langu, na mwashi anayerudi nyuma kwa neno lake hapati kazi ya pili.

Wiki hiyo hiyo Opiyo, mtoto wa baba yako mdogo, alifika kutoka Usenge akiwa na Mama. Ziwa limeingia nyumbani kwenu. Lilianza pale wanapoanika dagaa wao wa omena, likaja jikoni, kisha likafika miguu ya kitanda. Walimtoa kwa mtumbwi, yeye na sanduku lake na mbuzi mmoja. Na kaburi la Baba, Shemeji, sasa liko chini ya maji. Opiyo amepigilia mti mrefu hapo, ili maji yakipungua mahali pasipotee.

Sasa ona shida iliyotukuta. Mimi na Anyango tuna chumba kimoja. Kwenu Waluo na kwetu Wabukusu jambo hili ni moja: mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala hatuketi tukatazamana. Mama aliketi nje akanipa mgongo, mimi nikapita ukutani nikiwa nimeinamisha kichwa, tukawa kama watu wawili wanaodaiana. Anyango akalia. Mwishowe Nabwire, mama mmoja wa kanisani kwetu, alimchukua kwenye chumba chake huko Nyalenda, akamgawia nusu ya mkeka. Kwa hiyo vyumba vyako si vya kupangisha tu tena. Cha kwanza ni cha mama yako, na alikihitaji jana.

Nilidhani yeye ndiye atakayesema tuyakimbie maji. Haikuwa hivyo. Alituma neno kupitia Anyango kwamba nijenge hapo hapo Nyalenda, na Mamboleo hataki hata kuisikia. Alisema maji yaliyomfunika baba yenu ndiyo haya yanayofika huku, naye hatakwenda kulala mahali ambapo hayaoni. Kwa mama mkwe sina mdomo. Nilirudi mtaroni na debe langu.

Ogola naye hakunipa nafasi ya kupumua. Alikuwa amesikia kwamba nimepita Mamboleo mara ya pili kuuliza. Akanijia mbele ya mafundi wote akasema, "Mamboleo ni njia ya kwenda kwenu. Unataka kumvuta Gordon karibu na ndugu zako, na pesa ni za Gordon." Mafundi wawili walitazama chini. Wengine walinitazama mimi. Nimekaa Kisumu miaka kumi na moja, nimeoa hapa, na siku ile nilijiona mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi.

Jumamosi tarehe mbili, Mama alikuja kuangalia msingi. Sikuwa na habari. Nilikuwa ndani ya mtaro, maji yamefika magotini, Anyango na Nabwire wakafika naye. Niligeuza uso haraka. Kisha kitu kizito kikapiga maji karibu na mguu wangu. Alikuwa kamongo, yule samaki wa matope, mrefu kama mkono wangu. Alikuwa ametoka kwenye mafunjo akaja mpaka ndani ya msingi wa nyumba yako, wala hakuwa na haraka ya kuondoka. Wewe unajua Mama ameuza samaki miaka thelathini. Alichutama ukingoni akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, si kwa Anyango bali kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake:

"Ora, toka humo. Hapa pana mwenyewe."

Aliniita ora, kama mnavyomwita mkwe wenu, mbele ya watu. Nilitoka, matope yakinichuruzika, na sikujua nitazame wapi.

Jumatatu yake tulipanda Mamboleo, mimi nikitangulia, wanawake nyuma kwa umbali wa heshima. Mwenye kiwanja ni Mzee Oketch. Alitwambia wazi kwamba kuna mfanyabiashara wa malori anayekitaka, na atampa Ijumaa asipopata neno letu. Wakati tunazungumza, Mama alipanda mpaka mwisho wa kiwanja, akasimama kwenye mwamba. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, jeupe, mpaka macho yanaposhindwa. Tuliposhuka alimwambia Anyango kwamba kupanda mlima kumemuumiza magoti, na kwamba atahitaji fimbo.

Nilikimbia posta nikakuletea telegramu. Karani mwenzako akajibu kwamba uko safarini kwenye njia ya Mpanda mpaka mwisho wa mwezi. Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Alhamisi niliamua bila wewe. Nilimpelekea Mzee Oketch mabati yangu ishirini na nne, yale niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya nyumba yangu kwetu Bungoma, ayashike kama dhamana mpaka wewe useme. Alikubali, mbele ya wazee wawili, kungoja mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Mawe ya Nyalenda tuliyahamisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwenye mvua. Mamboleo nilichimba kina cha kiwiko tu, jembe likagonga mwamba mpini ukavunjika. Sijawahi kufurahia hasara kama ile. Najua si halali mkwe kumjengea mama mkwe wake, kwa hiyo jiwe la kwanza aliliweka Opiyo, kwa jina lako, kwa sauti, wazee wakisikia. Mimi nilipanga yaliyofuata. Chumba kimoja kimesimama, na paa lake ni la nyasi kwa sasa. Mama aliingia juzi.

Ogola amekataa kurudisha pesa zako za kiwanja alizokwisha kupokea, na amesema atakuandikia mwenyewe. Huenda barua yake ikakufikia kabla ya hii. Atakwambia nimekudanganya. Ukweli ni kwamba nilikudanganya mwezi wa kwanza, niliposifu udongo nisioupima. Safari hii nimekuasi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sijui kama wapangaji watakuja Mamboleo. Huenda mlango mmoja ukakaa mwaka mzima bila mtu. Sitakuahidi tena jambo nisiloliona. Kiwanja ni chako kukikataa. Ukiniandikia nibomoe, nitabomoa kwa mikono hii hii na mawe nitayarudisha nilikoyatoa. Lakini mama yako ameshawasha moto mle ndani. Kumwambia auzime, Shemeji, mimi sitaweza. Itabidi upande treni uje umwambie wewe.

Opiyo anakusalimu, na Nabwire pia, ambaye hakujui lakini anakuombea. Anyango anasema umwandikie yeye barua yake peke yake. Msalimie sana Mama Walter, na Walter mwambie ajifunze hesabu.

Mungu aliyekulinda kwenye reli miaka yote hii akufikishe nyumbani salama, na akupe moyo mpole siku utakayoifungua barua hii.

Ni mimi ninayekupenda, na wiki hizi ninayekuogopa,

Shemeji yako,
Enos Waliaula