Kimya cha Mzee Kasongo

Nsemulwa, Mpanda

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la vitambaa? Mwambie Mama asikubali uache dawa katikati. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ningepayuka, na mimi na jirani tunatenganishwa na ukuta mwembamba.

Kile kipindi changu cha sanaa, nusu saa kila Alhamisi, redio yetu inataka kukiua, ila haina adabu ya kukiua mara moja. Meneja alituita akasema wasikilizaji wa leo hawana subira, kwa hiyo sanaa iwe vionjo vya dakika tatu, katikati ya umbeya na ubashiri wa mechi. Eti ndiko redio na televisheni zote zinakoelekea. Labda. Kwenye televisheni msanii anaulizwa anatoka kimapenzi na nani, haulizwi wimbo ameutungaje. Lakini huyu meneja hajawahi kusikiliza kitu hadi mwisho, hata salamu. Halafu ndiye anayetuambia subira ya mkoa mzima imefika wapi.

Mwezi uliopita nilikwenda Ugalla kumrekodi Mzee Kasongo, mfuga nyuki, na mwanawe, wakitundika mzinga. Mwana yuko juu ya mti, mzee yuko chini. Mzee anaimba huku akivuta kamba mpaka mzinga ufike kwenye tawi, kisha ananyamaza, ameing'ang'ania kamba kwa uzito wake wote. Kimya kirefu, Baba. Unasikia majani tu. Mwana akishaufunga mzinga ndipo anaitikia, na mzee anaachia kamba.

Meneja, bila kuniambia, akamwamuru fundi mitambo akate kimya chote. Rekodi ikarushwa hivyo. Simu ya kwanza ikatoka Ugalla.

"Nyie mabwana, mmeua mzee wa watu!"

"Tumeua nani tena?" mtangazaji akauliza.

"Kijana kaitikia kabla hajafunga fundo! Mzinga si umemshukia baba yake kichwani? Leteni sanda!"

Nyuma yake watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mwingine akapiga kuuliza kama na nyuki nao tumewakata.

Jioni akanipigia Mzee Kasongo mwenyewe. Yeye hakucheka. "Mwanangu, leo nimejisikia nikifa redioni. Tangu ujana wangu sijaachia kamba kabla ya kuitikiwa. Sasa watu wananiita mzembe. Utawaambia kwamba sikuachia?"

Nikasema nitawaambia.

Meneja alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa filimbi. "Adela, umeona simu zilivyomiminika? Tukate na nyingine!" Nilipomwambia turudie rekodi nzima akacheka. "Redio ikinyamaza, watu wanahama. Siku ukiniwekea kimya hewani, beba na vitu vyako."

Nilimwangalia nikakukumbuka wewe, Baba. Mchezo wa redio ulipoanza, ulikuwa unasimamisha mguu kwenye cherehani, hata kama mteja amesimama mlangoni na suruali moja. Ulimwambia, "Kaa, usikilize." Naye alikaa. Mtu huyo hakuwa na subira zaidi kuliko watu wa leo, aliheshimiwa tu.

Vitu vyangu si vingi. Nimeshavifunga.

Nisalimie Mama, na shangazi wa sokoni, mwambie vitenge vyake bado navivaa. Mdogo wangu anayesoma asithubutu kuniomba nimtafutie kazi ya utangazaji. Kaka Kosmas naye nimsalimie kwa kumpa kazi: Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, aifungue redio yetu kwenye simu yake na aiweke karibu na cherehani. Nitakaa kwenye mitambo mimi mwenyewe.

Mkisikia kimya, Kosmas asianze kuipigapiga simu akidhani imekata. Mzuie mkono, Baba. Kuna mtu juu ya mti anafunga fundo, na baba yake chini bado ameshika kamba.

Mwanao asiyeachia,
Adela