Kumpeleka Anyesi kwa Bibi Yake

Alhamisi, 8 Oktoba 2009

Rozina,

Chai ya rangi. Uji wa Anyesi. Sare zake kwenye kamba. Nimetoka alfajiri kwenda kushona maturubai kwenye foleni ya malori hapa Tunduma. Malori mengi wiki hii, vumbi pia. Mama Chanda, jirani, amekaa na Anyesi baada ya shule. Amenirudishia amelala, soksi mguu mmoja.

Simu yako bado naichaji. Ndiyo iliyoleta habari hii. Wiki iliyopita alipiga mwanamke, akacheka hata kabla ya salamu: "We Redio! Tunakutana chuoni Jumamosi, wote tuliomaliza pamoja. Usipotokea nakufuata na fimbo!" Nikamwambia mimi ni mume wa Redio. Nikamwambia na lile lingine. Hakukata. Alilia mpaka salio lake likaisha. Baadaye akatuma ujumbe: shemeji, njoo wewe na mtoto.

Sikujua kwamba walikuita Redio.

Tutakwenda. Tutalala kwa mama yako Ruanda, kule Mbozi. Na huko nitamwacha Anyesi. Mama yako hajaacha kutuma watu tangu tukuzike. Anasema mtoto wa kike wa darasa la pili hakai na mwanamume anayeondoka nyumbani giza halijaisha. Anasema kweli. Nimekubali.

Anyesi sijamwambia. Naogopa.


Ijumaa, 9 Oktoba

Nimefunga nguo zake zote. Akauliza masweta mawili ya nini, si tunakwenda kumsalimia bibi tu. Nikasema Mbozi kuna baridi. Alinitazama kama wewe ulivyokuwa ukinitazama nikidanganya, kisha akaongeza mwanasesere wake juu ya masweta.

Dereva wa lori la simenti alitupa lifti. Tumefika mchana. Kahawa imekwisha kuvunwa, vichanja vitupu. Mama yako yuko peke yake. Wadogo zako mapacha wamehamia Chunya na hawaji.

Desturi ya kwenu bado ni ile ile. Mkwe haingii jikoni, hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana. Zamani ulikaa wewe kwenye kizingiti, ukichukua maneno yake kuniletea na yangu kumpelekea, na kuyatia chumvi yako njiani. Mara nyingine nilimsikia akicheka mle ndani na sikujua umemwambia nini kwa jina langu.

Leo kizingiti kitupu. Mimi nje, yeye ndani. Nilimsikia akikohoa. Nadhani na yeye alinisikia. Basi.


Jumamosi, 10 Oktoba

Chuoni. Turubai (baya, limeshonwa ovyo), spika, mbuzi, pilau. Wenzako wamekuwa watu wazima na vitambi vyao. Walipigana makumbo kama watoto.

"Simkoko, zamani ulikuwa chaki, sasa umekuwa ubao!"

"Na wewe hicho kipara umekinunua wapi?"

Nikataka kucheka. Lakini kila aliyenong'onezwa mimi ni nani aliweka sahani chini na kuanza kulia. Asiyefika mazishini hulia siku anapomwona mfiwa, najua. Ni heshima. Ila mimi nilikwenda nikitaka mtu anichekeshe na habari zako. Badala yake nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikipokea pole, mmoja mmoja, kama siku ya kwanza. Pilau sikuisikia ladha. Nimechoka kuwa msiba wa watu.

Aliyepiga simu ni Mwalimu Kibona, mliyelala naye bwenini, yeye kitanda cha chini, wewe cha juu. Alilia mara moja, akanawa uso, akatupeleka kuona dirisha lako. Akamwonyesha Anyesi jinsi ulivyokuwa ukimwigiza mkuu wa chuo, tumbo mbele, mikono nyuma. Anyesi akaiga. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Machi, tulipokuzika.

Alipokimbia kucheza nikamwambia Kibona kwamba kesho namwacha kwa bibi. Akaniuliza:

"Shemeji, Rozina hakukwambia habari za Mbebe?"

Za Mbebe, kule Ileje, nazijua. Viazi, ukungu, bibi yako aliyekuogesha kwa maji ya moto. Ulinisimulia ukicheka. Kibona anajua nyingine. Kwamba ulipelekwa kule Ileje ukiwa mdogo kama Anyesi, ukaambiwa unakwenda kusalimia. Kwamba kila siku ya soko ulikaa kando ya njia ukimtazama kila mwanamke anayepita. Kwamba mama yako alipokuja hatimaye, ulimwamkia kama mgeni, ukamletea kiti. Na kwamba ulimwambia Kibona, "Nikizaa, mtoto wangu atalala ninapolala mimi."

Kwa nini hukuniambia? Nina hasira na wewe leo. Naandika ilivyo.

Na mimi nimemwambia Anyesi tunakwenda kusalimia.


Jumapili, 11 Oktoba

Tumetoka kanisani. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mgongo kwa mlango. Mama yako ndani, anachagua maharage. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutusemea. Akamwita Anyesi.

"Mwambie baba yako kitanda nimeshatandika."

Akaja mbele yangu, mikono nyuma kama yule mkuu wa chuo. "Bibi anasema kitanda ameshatandika. Kitanda cha nani, baba?"

"Mwambie bibi nashukuru sana. Mwambie nimefikiri upya. Mtoto nitarudi naye."

Akaenda. "Baba anasema atarudi na mtoto." Kisha sauti ikawa ndogo: "Mtoto gani, bibi? Mimi?"

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo.

"Mwulize, huko Tunduma nani atamwogesha? Nani atamsuka?"

"Bibi anauliza nani atanisuka. Bibi, Mama Chanda ananisuka, ila anavuta!"

Nilifunga macho. Tulikuwa tunamvuta huku na huku, na kamba tumemshikisha yeye mwenyewe. Nikasema, "Mwambie bibi, nimesikia jinsi mama yako alivyoishi Mbebe."

Akapeleka. Kuku alipita mbele yangu. Halafu sauti ikatoka ndani, na haikuwa ya kumtuma mtoto.

"Baba Anyesi."

Tangu nikuoe hajawahi kuniita.

"Baba Anyesi, mapacha walikuwa mgongoni na kifuani, na mvua mwaka ule ilikatika. Ningefanyaje? Nilimpeleka nipunguze mzigo, nikachelewa kumfuata. Akaniletea kiti, mimi mama yake. Huyu nilitaka nimlee mwenyewe. Nilitaka nimlipe mama yake."

Sikugeuka. Niliujibu ukuta wa mbele yangu. "Mama, wewe hukufanya vibaya. Lakini nikimwacha, na mimi ataniletea kiti."

Nilimsikia akivuta kamasi. Anyesi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, anatutazama, hana wa kumpelekea neno.

Nikasema likizo zote atakuja. Desemba yote. Mama yako akajibu, safari hii kupitia mtoto, "Mwambie baba yako chakula kiko tayari."


Jumatatu, 12 Oktoba

Tumerudi Tunduma jana jioni. Leo kazi kama kawaida. Sindano imenichoma kidole. Mama Chanda amemsuka Anyesi, mtoto amelia kidogo, sasa anachora sakafuni kwa chaki aliyopewa chuoni.

Namfikiria mama yako. Nadhani hajakitandua kile kitanda. Asubuhi atakuwa amewasha moto wa mtu mmoja. Nimemchukulia mtoto wa pili, ndivyo ninavyojisikia. Wa kwanza ulikuwa wewe.

Alitusindikiza mpaka barabarani, nyuma yetu, mbali kidogo, kama desturi inavyotaka. Gari lilipoondoka alikuwa bado amesimama. Anyesi alipunga mkono mpaka kwenye kona.

Sijui kama nimefanya sawa. Kesho nitatoka tena alfajiri na mtoto atabaki kwa watu. Ulilotaka wewe nimelitimiza nusu tu.

Rozina, huko uliko, mkumbuke mama yako. Na mimi unikumbuke.