Pini ya Kanga

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi ya bondeni, nguruwe pori wamekuachia chochote? Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya kaka Hamisi huwekwa spika mpaka madereva wa malori wanaonunua machungwa yake hapo Kabuku wanachangia mazungumzo. Haya ni yetu wawili. Soma mwenyewe, taratibu.

Uliniuliza, "Mwanangu, umemkosoa Mungu kwa ajili ya urembo?" kisha ukakata simu, na tangu hapo hupokei. Nililia, halafu nikakasirika, nikakaa kwenye cherehani na kuharibu mikono ya sare za watoto wa shule. Najua habari umeletewa na shangazi Mwanaidi. Alisikia nimelazwa kwa daktari anayetengeneza matiti, mengine akamalizia mwenyewe.

Wodini nilikuwa karibu na dada mmoja mwenye duka la vitenge. Huyo hakuwa mgonjwa. Matiti yake yote mawili anayo, ila aliyataka makubwa zaidi, akawekewa vifuko laini vya silikoni. Huo ndio upasuaji wa urembo, na aliambiwa kabisa kwamba huko mbele vifuko huenda vikahitaji kubadilishwa. Mwanzoni nilimnunia. Baadaye ndiye aliyekuwa akinimenyea machungwa niliposhindwa kuinua mkono, basi nikaona aibu kununa.

Mimi sikuongezwa kitu, mama. Titi langu liliondolewa kwa saratani na kovu ulilishika kwa mkono wako. Daktari alichukua nyama na ngozi ya tumbo langu mwenyewe, akaliunda upya palepale. Kwa ufundi wangu nilimwelewa haraka: mwenzangu gauni lake zima limetiwa marinda, langu lilichanika likazibwa kwa kitambaa kilekile. Swali lako nilimfikishia daktari kama lilivyo. Akasema, "Mtu aliyevunjika mguu akiungwa, utamwambia amejiremba?"

Sikufichi, halifanani na la zamani. Halina chuchu, ukiligusa sisikii, na tumboni nina mshono mrefu kutoka nyonga hadi nyonga. Lakini wiki iliyopita majibu ya vipimo yalitoka na saratani haikuonekana, ila niendelee kuhudhuria kliniki. Nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka peke yangu, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamjibu, "Nilikuwa naumwa." Mama, nimepumua.

Unakumbuka niliporudi nyumbani baada ya ile operesheni ya kwanza? Ulinichemshia maji ya majani ya kivumbasi, kama unavyomfanyia kila anayetoka kuugua, ukaniosha mwenyewe uani. Nikajifunga kanga kifuani nivuke kwenda ndani, ikateleza upande ule mtupu mbele ya wanawake waliokuja kunipa pole. Wote wakatazama chini. Wewe ulichomoa pini kwenye mtandio wako, ukanibana. Tangu siku ile sijawahi kufunga kanga bila pini hiyo.

Nakuja Idd. Nakuomba unichemshie tena maji yale na unioshe wewe, si mtu mwingine. Ukishaniona kwa macho yako, ndipo uniambie kama nimemkosoa Mungu. Sitaki nifike nikute umekasirika bado.

Nisalimie kaka Hamisi na machungwa yake ya barabarani, na mjomba Sefu, mwadhini wetu, azidi kuniombea. Shangazi Mwanaidi huko Korogwe mpe salamu nyingi, na umwambie safari nyingine aniulize mwenyewe, nitamweleza mpaka achoke.

Ndani ya bahasha utaikuta pini yako. Leo asubuhi nimejifunga kanga nikatoka kuanika nguo, upepo wa ziwa ukivuma, na kanga imeshika yenyewe.

Mwanao akupendaye,
Zaina