Kompyuta ya Ashrafu Haisalimii Tena

Firdausi,

Nimekwenda Masaki kuchukua mihogo. Maharage nimeshachemsha, uyaunge kwa nazi.

Kompyuta ya marehemu kaka yako usiiguse. Mwenyewe aliniambia mfumo wake hauishi kubadilika: kila asubuhi niukubalie mapya, nikiuacha siku nyingi utanigomea. Tangu msiba sikuiwasha. Leo, arobaini imeshapita, nikaiwasha, nikabonyeza ndiyo. Yakaingia mapya ya siku zote hizo kwa mpigo, ikazima, ikawaka. Ile “Shikamoo mama” aliyoniwekea kwenye kioo haipo tena.

~~Mwite fundi airudishe.~~ Usimwite. Hiyo itakuwa shikamoo ya fundi.

Nami kwa mazoea nilishaitikia marahaba kabla sijatazama.

Mama