Fahali Mwenye Nyama Mgongoni

Bwera, Machi 2014

Mdogo wangu Geneviève,

Mvua imerudi, na goti langu halijambo.

Umeuliza habari za fahali, dume la mwisho la uzao wa ng'ombe wa Baba niliokimbia nao kutoka Lubero. Unakumbuka Baba hakupima fahali wakati wa mvua, maana majani yakiwepo kila ng'ombe ni mzuri. Alingoja mwisho wa kiangazi, akamchagua aliyebaki na nyama mgongoni. Nami nilingoja. Madume niliowanunua huku walibaki mbavu tupu, fahali wetu aling'aa. Nikasema, huyu atapanda majike wangu, kisha Geneviève aje amchukue, zizi la nyumbani lianze upya.

Juma lile lile mke wangu Biira akafariki. Ilikuwa homa tu.

Shemeji zangu walikuja kutoka Nyakiyumbu, wakaingia zizini kuchagua ng'ombe wa matanga, kama ilivyo haki yao. Nilimwonyesha Benon, kaka yake Biira, dume jingine.

"Shemeji, tumuzike dada yetu na mifupa?" akasema. "Mwenye nyama ni ule pale."

Alichagua vizuri, kama Baba. Ningemnyima Biira?

Fahali akachinjwa, hajapanda jike hata mmoja. Asubuhi hii jike mmoja ana joto, anataka dume, analia akielekea pale alipofungwa fahali.

Njoo tumlilie Biira, mdogo wangu, lakini ile kamba uliyomsukia fahali iache huko.

Kaka yako aliyebaki,
Muhindo