Mzee Semkiwa Atashuka Kwanza

Nyuma ya soko la machungwa,
Muheza, Tanga.
9 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Renatus,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, na marahaba yake naiweka hapa juu kabisa kwa sababu huko chini nitakuwa mkali kidogo. Hujambo? Mkeo Asnath hajambo, na yule mtoto aliyekuwa akikohoa amepona? Mama yako Josepha anaendeleaje na miguu? Sisi huku ni wazima. Mvua imechelewa kuondoka mwaka huu, machungwa yameanza kuiva, na goti langu la kushoto linauma nikipanda ngazi, nikishuka linanyamaza. Nina miaka sitini na tisa, sidai zaidi ya hapo.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu lile kundi letu la simu lina watu ishirini na watatu, na kila ninaloandika linajibiwa kwa picha ya viganja viwili. Jambo hili halitaki viganja. Linataka usome hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Kwanza nakushukuru kwa ratiba. Najua umeitengeneza baada ya saa za kazi, na jina ulilolipa, Safari ya Mizizi, ni zuri. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mara ya pili nilitafuta jina la Shangazi Minza, bibi yako mzaa mama, na nilipoliona nikavua miwani. Siku ya kwanza, boma la Wajerumani na soko la Tabora. Siku ya pili, makumbusho ya Kwihara. Siku ya tatu, bwawa la Igombe, chakula cha mchana, kununua asali. Siku ya nne, alasiri: "Bukene, kumwona Bibi (kama muda utaruhusu)."

Renatus, muda wa nani?

Usidhani sitaki kutazama. Baba yangu Masolwa, kaka wa huyo bibi yako, alipanda treni Bukene mwaka 1953 akaja kukata mkonge huku, na mimi nimezaliwa kambini. Alirudi kwao mara moja tu, mwaka wa Uhuru, na safari hiyo nikaachwa huku pamoja na mama kwa sababu nilikuwa na surua. Kwa hiyo nchi ninayoitwa mtu wake sijawahi kuikanyaga. Nimeisoma tu. Miaka yote ya ualimu nilisoma kila kitabu nilichokipata kuhusu njia ya misafara, na naweza kukutajia kituo kwa kituo mahali wapagazi walipolala toka Unyanyembe hadi Saadani. Lakini sijui mlango wa nyumba ya babu yangu unatazama upande gani. Hiyo nyumba ya Kwihara nitakwenda, tena nina maswali yangu. Wageni wa Kizungu waliokaa mle tunajua hata walikunywa chai saa ngapi. Waliowabebea hiyo chai hatujui majina yao, na huenda mmoja alikuwa wa kwetu.

Ila makumbusho yanaweza kungoja, yamezoea. Shangazi ana miaka themanini na minane, na kuna jambo hajaambiwa.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nakueleza. Baba alifariki mwaka 1988. Wiki ileile niliandika barua nyumbani. Mama yako aliipokea, akaisoma, akaikunja, akaitia sandukuni. Simlaumu. Kwenu kifo hakiingii nyumbani kwa karatasi. Huletwa na mtu, akakaribishwa, akaketi, akakisema. Josepha alikuwa akiningoja mimi. Na mimi nilikuwa na wanafunzi, halafu nikawa na watoto wa kusomesha, halafu nikawa na goti. Imekuwa miaka thelathini na saba. Shangazi anauliza kaka yake anarudi lini, nanyi mnamjibu hajambo, yuko Tanga.

Wala sisemi ninyi peke yenu ndio waongo. Siku ya Pasaka ulimwekea simu sikioni ili anisalimu. Watu huku husema sauti yangu ni ya baba tupu, lakini sikulifikiria hilo. Nilisema tu, "Shangazi, shikamoo," na sijui kama neno lilimfikia, maana yeye alikwisha anza.

"Masolwa," alisema, "mbona umekaa sana? Njoo kabla sijausahau uso wako."

Nikaitika. Nikamwambia nitakuja. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, nikaitikia jina la marehemu. Halafu wewe ukachukua simu ukanipongeza, ukasema nimefanya vizuri, kwamba Bibi amekula leo na amecheka. Tangu siku ile nikisali nafika mahali fulani nasimama.

Sasa turudi kwenye mambo yako. Fulana. Umeagiza fulana ishirini za kijani, na mgongoni umeandikisha "Ukoo wa Masolwa Warudi Nyumbani." Shangazi alisoma hadi darasa la nne kwa masista, na kwa mujibu wa mama yako bado anasoma kitabu cha sala bila miwani. Unataka atoke mlangoni aone migongo ishirini inayomwambia kaka yake amerudi, kisha anione mimi nikishuka garini, na uso huu nilio nao? Ulifikiri nini?

Na gari. Kwenye orodha ya abiria umefuta jina la Mzee Semkiwa ukaweka la mpiga picha. Binti yangu Jenifa alipokuuliza, ulijibu kwamba viti ni vinane na mzee yule si wa ukoo.

Ni kweli si wa ukoo. Ni Mzigua. Ndiyo sababu yenyewe anakuja.

Naona ninyi vijana wa mjini utani mmeubakiza kwenye kutupiana maneno wakati wa mpira. Babu zetu Wanyamwezi walikatiza nchi ya Wazigua wakiwa na mizigo mabegani, mwaka hata mwaka. Waligombana nao, wakapeana maji, wakazikana, na kilichobaki ni huu utani. Mtani anaruhusiwa kunitukana kwa sababu siku ya msiba ana kazi ambayo mimi siiwezi. Mwenye msiba hautangazi msiba wake mwenyewe. Mimi ni mtoto wa marehemu. Nikifungua mdomo mbele ya Shangazi nitalia, na akiniona nalia bila kuambiwa kitu atajua vibaya. Mtani ndiye anayesema, na yeye ndiye anayejua aseme vipi.

Semkiwa alikuwa nyapara wa kambi yetu, mdogo kwa baba kwa miaka kumi na tano, na sikumbuki siku waliyosalimiana bila matusi. Siku ya mazishi, jeneza likiwa pembeni, aliruka ndani ya kaburi akalala chali, mikono kifuani. Padri alitaka kuendelea. Semkiwa akasema kwa sauti ya kuamuru kazi, "Huyu ni mpagazi. Mpagazi hazikwi njiani. Mwulizeni mwanawe, mzigo huu kwao ataupeleka nani?"

Watu wakacheka huku wanalia, kama ilivyo desturi. Mimi nikasema nitaupeleka mimi. Akasema hajasikia. Nikarudia. Ndipo akaninyooshea mkono nimvute atoke.

Sasa ana miaka themanini, anavuta pumzi kwa taabu, na kila Jumapili baada ya misa hupita kuniuliza kama mzigo umefika. Juzi nikamwambia habari za kiti. Hakukasirika, akakaa kwenye kibaraza changu akafikiri. Kisha akasema, "Sawa. Basi huyo mpiga picha ndiye atakayemwambia bibi yao." Akaomba chungwa. Amekula machungwa yangu manne, na wakati wa kuondoka akaniambia Wanyamwezi wa siku hizi hata kubeba maneno mawili kunawashinda.

Kwa hiyo ratiba itakuwa hivi, na naomba usiijadili kwenye kundi.

Tutafika Tabora Alhamisi kwa basi, sisi watatu: mimi, Jenifa na Mzee Semkiwa. Tutalala kwako. Usiku huo hakuna ngoma wala pilau la mapokezi, tutakula ugali wenu tulale. Ijumaa asubuhi tunakwenda Bukene moja kwa moja, hakuna boma, hakuna soko. Mama yako atatangulia kwa treni siku moja kabla, akae na mama yake, awaite majirani wawili wazee, wasiambiwe zaidi ya kwamba kuna wageni. Fulana zitabaki sandukuni. Mpiga picha atabaki Tabora, aende akapige picha bwawa.

Gari lisimame barabarani, lisiingie uani. Mzee Semkiwa atashuka kwanza, peke yake. Atatembea polepole, usimharakishe wala usimshike mkono, hapendi. Akifika atapiga hodi na kuanza maneno yake. Atasema nyumba hii ya Wanyamwezi mbona haina hata kigoda cha mgeni, au lolote litakalomjia. Shangazi ni mtu wa zamani. Akisikia Mzigua anamtukana mlangoni kwake asubuhi, na amemtaja Masolwa, atajua kabla hajaketi. Atamkaribisha hivyohivyo. Hayo mengine ni yao wawili.

Mimi nitakuwa garini. Nikisikia kilio, ndipo nitashuka, anione akiwa ameshajua mimi ni nani na si nani.

Tutakaa msibani siku tatu. Baada ya hapo, Renatus, nipeleke popote. Nitaliona boma, nitaliona bwawa, nitawachosha watu wa makumbusho kwa maswali, nitanunua asali hadi begi lishindwe kufungwa. Na fulana nitaivaa, ya kijani, hadharani. Nimeingoja safari hii tangu ile surua. Nataka tu niingie katika nchi ile kama mtu aliyekwisha tua alichobeba.

Usinikasirikie kwa ukali wa barua hii. Wengine wote kwenye kundi walisema tutakwenda siku moja, wewe peke yako ndiye uliyekaa chini ukaandika tarehe. Hilo silisahau.

Nisalimie Asnath na watoto. Mama yako mwambie ile barua ya 1988 aitoe sandukuni, nitapenda kuiona. Jenifa anakusalimu, na Mzee Semkiwa anasema hakusalimu mpaka arudishiwe kiti.

Msalimie na Shangazi Minza. Ila safari hii usimwambie salamu zimetoka kwa Masolwa. Sema zimetoka kwa Anselm. Akiuliza Anselm ni nani, mwambie ni mtoto wa kaka yake, yule aliyeachwa kwa surua, na kwamba anakuja.

Mungu awalinde nyote hadi tuonane uso kwa uso.

Mjomba wako, akupendaye hata kalamu ikiwa kali,

Anselm Masolwa